Kabla hujapanga eneo lenye mandhari, nisikilize mimi niliyefunga mgahawa

Mgahawa wetu tuliufunga Machi 2022, baada ya miaka mitano na miezi michache. Ulikuwa kando ya bwawa la zamani la shamba la kahawa, kati ya Tengeru na Usa River, kama kilomita 3 ndani kutoka barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Ukikaa meza za mbele, maji yako miguuni pako, Mlima Meru mkono wa kushoto, na asubuhi isiyo na mawingu unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekaa nyeupe upande wa mashariki. Watu walikuja kupiga picha za uchumba pale. Maharusi walikuja na mashela yao. Lakini katika miaka yote hiyo sikumbuki kumsikia mtu akisema "twende tukale kule." Walisema "twende kule bwawani." Nilikuwa nikilisikia hilo na kufurahi.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwezi napigiwa simu na mtu aliyepata eneo: kando ya mto, juu ya kilima, barazani mwa nyumba inayotazama mlima. Sentensi yake huwa ni ileile: "Dada, ukiliona hilo eneo utalia." Naamini. Mimi nililia nilipoliona letu. Basi nisikilize kidogo kabla hujalipa kodi ya pango ya miezi sita.

Mandhari mazuri yanachukua nafasi ya jiko. Nasema nafasi yenyewe, ile ya kupima kwa futi. Tulipochora ramani ya mgahawa, kila mita iliyotazama maji tuliipa meza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inauza. Jiko tukalisukuma nyuma, juu ya mteremko, palipokuwa na banda la kuhifadhia mbolea. Hatukuona tatizo. Baadaye nilizihesabu hatua kutoka dirisha la jiko hadi meza ya mwisho: 94, nusu yake ngazi za mawe. Mhudumu akibeba trei ya sahani nne anashuka polepole, maana asubuhi mawe yana umande na wakati wa masika yana utelezi. Sasa fikiria Julai. Wanaoijua Arusha ya Juni na Julai wananielewa: baridi, ukungu, na upepo unaopanda kutoka kwenye maji. Mishikaki ya mbuzi iliyotoka kwenye moto ikilia, ikifika mezani mafuta yake yameshaganda kwenye kingo za sahani kama nta ya mshumaa. Mteja anakwaruza yale mafuta kwa uma, anayaweka pembeni, anakula vipande viwili, kisha anainua simu apige picha ya bwawa.

Tungeweza kununua hotpoti. Tungeweza kujenga jiko dogo la kuchomea huku chini, likiwa na paa la nyasi, kwa milioni moja na nusu tu. Pesa tulikuwa nayo. Tuliitia kwenye jukwaa la mbao.

Hilo jukwaa nitalieleza, maana ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tulichimbia nguzo za mikaratusi hadi ndani ya maji, tukatandika mbao, tukaweka meza sita juu yake. Milioni 11. Hatukumuuliza mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ufukwe wa ziwa shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya eneo hilo. Mita 60 si haba, ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Mwaka wa pili tulikaguliwa, tukaambiwa tubomoe, tukabomoa. Walioambiwa hivyo na wakakasirika ni wengi, lakini mimi nakuambia sheria ipo, na maji yale yanahitaji kulindwa kuliko meza zetu sita. Kwa hiyo siku ya kwenda kuliona eneo, nenda na futi ya kamba. Pima kutoka kwenye maji. Kama uzuri wote wa eneo umo ndani ya zile mita 60, basi hicho unachotaka kukilipia huwezi kukitumia, na mwenye eneo hana haja ya kukuambia.

Halafu kuna saa. Sisi watu wa huku tunajua mlima unatoka alfajiri na jioni. Jua likishakolea, mawingu yanapanda na kuufunika, na kuna wiki nzima za Juni ambazo Meru huuoni hata kidogo. Wateja wa mgahawa wanakuja saa ngapi? Saa saba mchana, saa nane, hasa Jumapili baada ya ibada. Yaani tulikuwa tunalipa milioni mbili na nusu kwa mwezi kwa ajili ya mlima ambao saa za biashara umefungwa. Nilikuja kuligundua hilo mwaka wa tatu, nilipomwona mama mmoja aliyetoka Dar es Salaam na wajukuu wake anamuuliza mhudumu, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mlima wenyewe uko upande gani?" Mhudumu akanyoosha kidole kwenye wingu. Familia ile ililipa bili ya shilingi 140,000, na kitu pekee ambacho ningeweza kuwa nimewapa kwa uhakika, yaani chakula cha moto na kitamu, sikuwapa.

Jambo la samaki nalo liliniuma kwa muda mrefu. Mtu akikaa kando ya maji hamu inamwita kwenye samaki. Anauliza, "Hawa ni wa humu?" Bwawa letu lilikuwa na perege wadogo wa kuchezea watoto. Sato tuliyemuuza alitoka Mwanza akiwa ameganda, akalala kwenye friza letu siku tano, saba, wakati mwingine zaidi, na umeme ukikatika anayeyuka nusu na kuganda tena. Wahudumu niliwakataza kudanganya, na hilo silijutii. Lakini ukweli ule ulipotoka niliziona nyuso zikianguka. Perege wabichi wa Nyumba ya Mungu walikuwa wanafika masokoni kwetu. Nilihitaji kuamka saa kumi na moja na kuwafuata. Sikuamka, kwa sababu meza zilikuwa zinajaa hata hivyo.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe, na ndilo hasa ninalotaka ulibebe. Mgahawa wa kawaida, wa pale mtaani, ukipika vibaya unajua ndani ya wiki mbili, maana watu hawaji. Sisi tulipika vibaya miaka mitatu na watu wakaja, wakasifu, wakatuma picha kwa ndugu zao, na ndugu zao wakaja. Sifa zilikuwa za bwawa nami nikazivaa. Kila aliyesema "pazuri sana hapa, dada," mimi nilijibu "asante" kana kwamba bwawa nililichimba mimi na Meru niliupandisha mimi. Wageni wapya wakija kila wiki huoni kwamba wa wiki iliyopita hawajarudi. Nenda kwa Mrombo, kule Arusha kwenye nyama choma, ukaangalie kinyume chake: vumbi, moshi wa nyama choma machoni, hakuna cha kutazama zaidi ya mgongo wa gari la mwenzako, na watu wanasubiri saa nzima wamesimama.

Kumbe wapo waliokuwa wanajua ukweli kuhusu chakula chetu tangu mwaka wa kwanza: madereva wa magari ya watalii. Dereva wa aina hiyo amekula kila mahali, kuanzia Moshi hadi Karatu. Wageni wake wanakaa mbele wanatazama maji, na kwa desturi yeye anapewa chakula bure kutoka kwenye menyu. Madereva wetu hawakuagiza kwenye menyu. Walizunguka nyuma ya jiko, wakakaa kwenye magogo pamoja na wafanyakazi, wakala kwenye sufuria ya wafanyakazi. Sufuria ile ilipikwa na mama aliyekuwa anaosha vyombo, Mmachame wa makamo, asiye na cheti chochote cha upishi. Ndizi mshare kutoka soko la Tengeru, mifupa yenye nyama kidogo, nyanya, basi. Siku nyingine kiburu, ndizi na maharage na magadi kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa nakula pale! Mchana nilikula sufuria ya nyuma, na mbele nikauza piza, tambi na kuku wa kuoka, menyu ya vyakula 64, nusu yake vikitoka kwenye friza. Miaka mitatu sikujiuliza kwa nini.

Mwaka 2020 ndege za kimataifa zilisimama Aprili kwa sababu ya korona. Anga lilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, lakini wageni hawakurudi kama walivyokuwa. Tukabaki na wenyeji. Mwenyeji mlima ameuona tangu anazaliwa. Akija na familia yake Jumapili anataka ashibe, na akitoka nyumbani anajua mtori wa mama yake una ladha gani. Mauzo yakaporomoka, nikalaumu ugonjwa na barabara mbovu.

Kilichonifungua macho ni sinki. Julai 2021, Jumapili moja, yule mama wa vyombo aliuguliwa na mtoto, na hakukuwa na mtu mwingine. Nikafunga kanga kiunoni nikaosha mimi. Sahani 61 zilipita mikononi mwangu siku hiyo, na 38 zilirudi na chakula nusu au zaidi. Samaki ameguswa upande mmoja tu, upande wa pili ngozi iko nzima. Chipsi zimelala chini ya kachumbari. Kipande cha kuku kimefunuliwa mpaka mfupani, pale penye wekundu, kisha kikafunikwa kwa tishu ili mhudumu asione. Ile tishu ilinitoa machozi. Mtu alilipia chakula kibichi, akaona aibu kwa niaba yangu.

Mama aliporudi Jumanne nikamsimulia. Akanisikiliza, akakausha mikono. "Dada, hizo ndizo za kila Jumapili. Jirani mwenye nguruwe zamani alikuwa anachukua ndoo mbili za makombo. Siku hizi nne." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Hukuwahi kuniuliza, na kule mbele wote walikuwa wanakusifia."

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na uufanye hata kama mgahawa wako unajaa, hasa kama unajaa. Mara moja kwa mwezi, siku ya wateja wengi, osha vyombo wewe mwenyewe kuanzia saa saba hadi saa kumi. Usimtume msimamizi. Hesabu zinazorudi zimejaa, andika ni chakula gani. Muulize mwosha vyombo kabla hujamuuliza mpishi mkuu. Angalia wafanyakazi wako wanakula nini wakiwa na hiari, na madereva wanakaa wapi. Na kwenye daftari la kaunta weka alama kwa kila sura unayoiona mara ya pili. Sisi tulipoanza kuweka alama hizo, mwezi mzima zilikuwa tisa.

Tulijaribu kujirekebisha. Menyu ikashuka kutoka vyakula 64 hadi 9, jiko la kuchomea likashuka chini, mama wa vyombo akapandishwa kuwa mpishi wa Jumapili, machalari yake, ndizi zilizopikwa na nyama, yakawa yanaisha kabla ya saa nane. Alama kwenye daftari zikaanza kuongezeka. Lakini tulikuwa tunadaiwa pango la miezi saba, na mwenye eneo, kwa haki yake, alichoka kusubiri.

Ukifika hapo, funga vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakutaka uwaeleze wafanyakazi mapema na kujadiliana nao kabla ya kuwapunguza. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, na aliyekaa zaidi ya mwaka anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Kwa mama yetu zilikuwa siku 35. Tuliuza friza na jenereta ndipo tukawalipa wote, na kama ungeniuliza ni siku ipi katika miaka ile naweza kuitazama bila kuinamisha kichwa, ni hiyo. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, na mashine yako ya risiti (EFD) utoe taarifa rasmi ya kufunga, usiiache biashara ikiendelea kuhesabika kwenye makaratasi. Waliolipa kianzio cha sherehe wafuate nyumbani kwao uwarudishie. Sisi tulikuwa na kipaimara mbili na sendofu moja.

Mama alichukua kiinua mgongo chake, akanunua sufuria mbili kubwa na mabenchi, akaanza kupika karibu na soko la Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi. Jumatano iliyopita nilipita saa sita na nusu. Magari mawili ya watalii yalikuwa yameegeshwa kando, madereva wamebanana kwenye benchi. Nikamwamkia mama, akanionyesha kwa mwiko pa kukaa, nikasubiri bakuli langu.