Mvue mzee wako soksi

Kiharusi kilipomlemaza shangazi yangu upande wa kushoto, tulimpeleka kwenye makao ya wazee nje kidogo ya mji wa Nakuru. Hakujaliwa mtoto, na sisi aliotulea tulikuwa tumetawanyika Nairobi, Eldoret na Kisumu. Majirani walisema tumemtupa. Sikukubaliana nao wakati ule na sikubaliani nao leo, lakini najua wazee wanaotupwa huko kweli, na ni wale ambao hakuna anayefika kuwaona.

Na kufika kwenyewe kuna namna yake. Wengi wetu tunaketi na mzee sebuleni, amevalishwa sweta safi, tunampa ndizi, tunapiga picha ya kikundi cha familia kwenye WhatsApp, tunaondoka tumeridhika. Tafadhali mvue soksi. Omba faragha, mlaze ubavu, umtazame mwili wote.

Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, usiku na mchana. Asipogeuzwa, nyama inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, kidonda kinaanza. Hutokea hasa kwenye visigino, nyonga na pale chini ya mgongo. Maelekezo mengi husema utafute wekundu, ila kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu huo ni vigumu kuuona. Tumia mkono: je, pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea? Rangi imekoza? Kisigino cha shangazi nilikikuta kinawaka moto. Nilipouliza, nikaambiwa ni viatu vimembana, na yeye hatembei!

Siku hiyo hiyo nikaona kikombe chake cha maji, kimejaa pomoni, kimewekwa kushoto, upande ambao mkono hauinuki. Wazee hawasikii kiu kama sisi, na maji yakipungua mwilini huanza kuchanganyikiwa, watu wakasema ni uzee. Tazama midomo, uliza rangi ya mkojo. Uliza pia kama wananyimwa maji jioni ili wasiloweshe kitanda, maana hilo hufanyika.

Badilisha saa zako. Fika wakati wa chakula cha jioni uone kama aliyepata kiharusi analishwa ameketi wima, polepole, au anashindiliwa uji akiwa amelala, jambo linaloweza kumpalia. Fika asubuhi ya Julai, baridi ya Nakuru ikiwa kali, uone wanaogeshwa kwa maji gani.

Usimuulize mzee anavyotendewa mbele ya mhudumu. Shangazi, tulipobaki wawili, aliniambia, "Nyamaza tu, mwanangu. Wewe ukienda, mimi ndiye ninabaki nao." Basi usianze kwa kumfokea mhudumu pale kitandani, kwa sababu hasira yako atalipia mzee. Isitoshe, usiku pengine ni mama mmoja tu aliyeachiwa wazee wengi. Muulize mwenye makao: wa zamu ya usiku ni wangapi?

Sisi tulipiga picha za kisigino, tukaandika tarehe, tukampeleka hospitalini kwanza ili daktari aandike alichokiona, ndipo tukaketi na msimamizi. Ukikuta alama za vidole kwenye mikono, au mzee aliyekuwa mchangamfu sasa analala kutwa kwa dawa usizozijua, usiishie kwa msimamizi. Ripoti polisi upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na kama amepigwa, fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ijazwe na daktari. Mwone pia afisa wa maendeleo ya jamii. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kinazitaja familia pamoja na Serikali katika kumtunza.

Kuhusu pesa: hakikisha unajua nani anashika kitambulisho na simu yake, na nani anapokea zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa fedha za msaada, kama ametimiza miaka 70. Asiwekewe karatasi ya kutia kidole bila familia kuisoma. Hapa mara nyingi mkosaji ni ndugu.

Kama unaishi mbali, tafuta mtu aliye karibu. Kwetu walikuwa akina mama wa kanisa lake. Mpe nauli, mwonyeshe visigino, na mwombe asiwaambie makao siku anayokwenda.