Jiwe la mpaka likipingana na ramani ya upimaji

Umeuliza ni kipi kinachotangulia iwapo ramani inaonyesha upande wa kiwanja kuwa mita 30, ilhali kati ya jiwe na jiwe unapata mita 29.94. Katika nchi nyingi zinazofuata sheria ya asili ya Kiingereza, jiwe lililowekwa na mpimaji wa kwanza, mradi halijang'olewa wala kusogezwa, kwa kawaida hushinda namba iliyoandikwa kwenye ramani, kwa sababu namba ni maelezo tu ya kile kilichowekwa ardhini. Ukubwa wa eneo huwa ushahidi dhaifu kuliko vyote.

Hata hivyo, usiharakishe kumtuhumu jirani. Utepe wa chuma wa mita 30 hurefuka takribani milimita 3.5 joto likipanda kwa nyuzi 10, na ukilegea katikati au ukifuata mteremko badala ya usawa, kosa huongezeka haraka (mteremko ndio huwaponza wengi). Kulegea na mteremko hufanya kipimo kisomeke kirefu kuliko uhalisia, kwa hiyo sentimita 6 hizo zinaweza kuwa zimetokana na kipimo cha mpimaji wa kwanza; joto hufanya utepe wako usome pungufu, lakini kwa milimita chache tu.

Uzio nao si mpaka kwa kuwa tu umesimama muda mrefu, ingawa ukaaji wa miaka mingi bila pingamizi unaweza, chini ya sheria za baadhi ya nchi, kuzaa haki. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa, jirani akiwepo, na jiwe lisiguswe kabla hajafika: kulisogeza ni kosa la jinai mahali pengi, na pia kunaharibu ushahidi wako mwenyewe.