Njaa ya kupona si ulafi

Pole sana, mleta mada. Umesema ni mwezi wa pili unakula milo mitatu baada ya miaka ya kujinyima, na sasa njaa haikatiki: unanawa mikono tu, tayari unawaza kula tena. Unauliza kama umekuwa mlafi, na kama urudi kwenye dayati "kidogo tu". Nakuomba usirudi.

Nimepita hapo hapo. Kilo zangu na hesabu za kalori sitaziandika, maana nilipokuwa naumwa ugonjwa huu wa kujinyima chakula nilikuwa nasoma shuhuda za wenzangu kutafuta namba hizo tu, nijue nani kakonda kunizidi.

Kilichonitoa hofu ni habari niliyosimuliwa na mtaalamu wa lishe. Mwaka 1944 hadi 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 wa kujitolea, wenye afya ya mwili na akili. Wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kuhisi baridi, kujitenga na watu. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula mpaka tumbo likajaa kabisa na bado wakasema wana njaa. Hali hiyo haikuisha kwa wiki moja wala mbili.

Nililia niliposikia. Mimi nilikuwa na daftari zima la mapishi, nawapikia wengine, mwenyewe sionji. Nikidhani ndivyo nilivyo, kumbe ni njaa.

Usiku mmoja nilijikuta jikoni, taa imezimwa, mlango wa friji wazi, kijiko mkononi, nameza harakaharaka nisije nikasikika. Asubuhi yake akili yote iliniambia nisile mpaka jioni, nilipie. Nikala, kijiko kikitetemeka. Kuruka mlo ndiko kulikokuwa kunanirudisha kwenye friji usiku. Kwangu ilichukua karibu mwaka njaa ile kutulia.

Maneno ya watu nayo yanaumiza. Nywele zikinitoka kwa mafungu, hedhi imekata, ndipo niliposifiwa kuliko wakati wowote: "Umepungua, umependeza! Unatumia nini?" Nilipoanza kupona wakasema nimejiachia. Siku hizi mtu akianza habari za mwili wangu namwambia, kwa upole, hayo tusiyaongee. Mizani niliitoa nyumbani.

Jambo moja usilichezee: kama unatapika, au ulikuwa huli kabisa na ndiyo kwanza unaanza kula, nenda hospitali upimwe damu, hata kama uzito wako unaonekana wa kawaida. Potasiamu na fosfati, madini yaliyomo kwenye damu, zikishuka, moyo unaweza kupata hitilafu.

Halafu niambie, una mtu wa kukaa naye mezani? Mimi dada yangu alikuwa anakuja, hanihesabii matonge wala hanibembelezi. Anakula chake, ananisimulia ya kazini kwake, mpaka nimalize.