Ng'oeni lile jedwali la padeži ukutani

Kila majira ya baridi ni yale yale. Wanafunzi wa mwaka wa matayarisho Beograd, walioanza Oktoba kwa bashasha, kufika Januari wamenyamaza. Wanasema Kiserbia ni kigumu na hamu imewaishia. Wadogo zetu, hamu mliyokuja nayo ilikuwa ya kutosha. Mmeibana wenyewe.

1. Azbuka, alfabeti yao ya Kisirili, ni ya wiki moja. Herufi 30, kila moja na sauti yake. Zinazotega ni zile zinazofanana na zetu: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s. Someni vibao vya mitaani kwa sauti. РЕСТОРАН ni restoran, basi.

2. Jedwali. Padeži ni maumbo ambayo nomino hubadilika kuyafuata kulingana na kazi yake katika sentensi. Ziko 7, umoja na wingi, jinsia 3: visanduku 42. Mnavichora kwa kalamu za rangi, mnabandika juu ya kitanda, mnakariri kama tebo. Kisha mtu anakwenda pijaca (soko) ya Zeleni venac kutafuta nyanya. Muuzaji anamtazama, naye kichwani anashuka ngazi: nominativ, genitiv, tena ya umoja au ya wingi? Kabla hajafika, muuzaji ameshamhudumia bibi aliyesimama nyuma. Mwanafunzi ananyoosha kidole, analipa, anaondoka. Wiki ya pili anahamia supamaketi, ambako mtu ananunua kila kitu bila kufungua kinywa. Hamu inafia pale, kwenye rafu za supamaketi, wala si darasani.

Nani aliwafundisha ngeli kwa jedwali mlipokuwa wadogo? Mlisikia kiti changu, viti vyangu, mkajaribu, mkakosea, mkasahihishwa na mama. Padeži zinaingia kwa njia hiyo hiyo, shughuli moja baada ya nyingine.

Wiki mbili za mwanzo, akuzativ (padež ya kitu kinachotendwa) ya mkahawani tu: kafa (kahawa) inakuwa kafu, voda (maji) inakuwa vodu, čaj (chai) na sok (juisi) hazibadiliki. Nomino za kiume zenye uhai hubadilika: vidim grad (naona mji), lakini vidim profesora (namwona profesa). Msilalamike, hata sisi husema kiti kimeanguka lakini kipofu ameanguka.

Kisha lokativ (padež ya mahali), na hapa Mswahili hukwama kwa sababu ya -ni yetu. Naenda shuleni, niko shuleni: neno ni lile lile. Wao wanatenganisha kwenda na kuwapo: idem u školu, lakini u školi sam, idem u Beograd, lakini živim u Beogradu (naishi Beograd). Ukichanganya utaeleweka, utapigiwa „bravo”, na kosa litakaa nawe mpaka unahitimu. Mwombe rafiki mmoja akusahihishe hilo tu, mwezi mzima. Akisahihisha kila kitu, utaacha kuongea.

Sasa rudi pijaca na genitiv (padež ya kiasi na ya umiliki): kilo krompira (kilo ya viazi), pola kile paradajza (nusu kilo ya nyanya), deset jaja (mayai kumi). Baada ya hapo mzigo unapungua, maana dativ (padež ya anayepewa) ina umbo lile lile la lokativ, na katika wingi hata instrumental (padež ya kinachotumika) inajiunga nazo: studentima, kwa zote 3. Laiti mwalimu angewaambia hili siku ya kwanza, jedwali lisingewatisha.

3. Vitenzi ni kwa jozi: kimoja cha tendo linaloendelea, kingine cha tendo lililokamilika. Waandike pamoja kwenye kadi moja: pisati na napisati (kuandika), kupovati na kupiti (kununua). Maneno 10 kwa siku yanatosha.

4. Pola pet. Pet ni saa kumi na moja yetu, na pola pet ni nusu ya kuiendea, yaani saa kumi na nusu. Kila mwaka kuna anayefika saa nzima baadaye, mlango umefungwa. Neno lao sat ni ndugu wa saa, lilitoka Kiarabu likapitia Kituruki, na kama letu ni muda na ni chombo cha mkononi. Dućan na duka ni hivyo hivyo. Maneno kama haya yawekeeni daftari lake; siku ngumu, lifungueni.

5. Slava, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa familia, iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Ukialikwa, nenda, hata kama kesho yake una jaribio. Vua viatu mlangoni. Maua yawe witiri, kwani shufwa ni ya msibani. Sema „Srećna slava”, onja kijiko kimoja cha žito (ngano iliyochemshwa na kutiwa sukari), na wazee waite Vi (wewe ya heshima) mpaka wenyewe wakuruhusu ti (wewe ya kawaida). Usiage mapema. Kwenye meza ile hakuna mwenye haraka, na saa nne za pale zina sentensi nyingi kuliko wiki nzima ya darasa. Bibi mwenye nyumba atakuambia „uzmi, jedi” (chukua, kula) mara kumi. Mjibu „hvala, sit sam” (asante, nimeshiba) ukiwa mwanamume, „sita sam” ukiwa mwanamke, kisha ongeza kipande kingine.