Mtoto wa marehemu analia usiku

SWALI: Mzee, pole na kazi. Kaka yangu na mke wake walifariki, wakatuachia mtoto wa miaka minne. Kila usiku analia mpaka mimi na mke wangu tumlaze karibu yetu. Shangazi zangu wanasema namdekeza, eti kulea ni kazi ya wanawake. Nifanyeje? – Baba mdogo, Kadutu, Bukavu.

JIBU: Mwanangu, poleni sana kwa msiba.

Miaka mingi nilibebea wageni mizigo huko Tshivanga, katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Ngagi, yaani gorila, hutandika kitanda kipya kila jioni: anakunja matawi, anayakandamiza chini yake, analala. Mtoto hulala na mama yake humo humo kwa miaka kadhaa. Asubuhi unakuta majani yaliyolaliwa, kinyesi kikubwa cha mama pembeni na kidogo cha mtoto.

Sasa mama akifa? Watafiti wamefuatilia hilo miaka mingi kwa ngagi wa milima ya Virunga, upande wa Rwanda. Yatima husogea kwa dume kubwa, lile lenye mgongo wa fedha, na mara nyingi dume humruhusu alale kitandani mwake. Ni dume lile lile linalopiga kifua mpaka msitu mzima unasikia! Hakuna anayelidharau.

Kwa hiyo mlaze karibu, baba. Waambie shangazi zako kwa heshima kwamba mtoto huyu amepoteza vitanda viwili kwa mpigo. Weka mkeka wake kando ya kitanda chenu, umshike mkono mpaka apitiwe na usingizi. Akizoea, mwenyewe atausogeza.