Barua kwa mwanangu: Mount Tom hukuuota

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani kwako. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu, ya mwisho ikiwa usiku wakati nyumba imetulia. Umeniandikia kwamba mjukuu wangu anataka kwenda na wenzake wa shule kujifunza kuteleza kwenye theluji, na kwamba jambo hilo limekufufulia kumbukumbu usiyo na hakika nayo: mlima mweupe wenye taa nyingi usiku, kiti kinachoning'inia hewani, na glavu nyekundu ikianguka kutoka mkononi mwako. Umeniuliza kama uliota. Halafu, mwishoni kabisa, kana kwamba hukutaka nilione, umeuliza kama tuliacha kwenda kule kwa sababu uliipoteza ile glavu.

Hukuota, baba. Wala hatukuacha kwa ajili ya glavu. Limenichoma kujua kwamba neno hilo umelibeba tangu ukiwa na miaka sita, nami niliyekuvalisha na kukulisha kila siku sikuling'amua, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa kituo.

Mahali hapo ni Mount Tom, pale Holyoke, Massachusetts, tulipokuwa tukiishi. Kilele chake kina mita 366 tu juu ya usawa wa bahari, na mimi niliyekulia Korogwe, nikiitazama milima ya Usambara kila asubuhi, nilikiita kilima tangu siku ya kwanza. Sehemu ya kutelezea ilikuwa upande wa mashariki, ikitazama bonde la mto Connecticut, na barabara kuu ya I-91 ilipita karibu na mguu wake, hata nilipokuwa nikitoka kazini jioni za Desemba niliziona zile taa zikishuka mlimani kwa mistari kabla sijauona mji wenyewe. Miteremko ile ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa zaidi ya miaka 30 watoto wa Holyoke walipelekwa pale baada ya masomo, wakateleza chini ya taa, wakarudi kulala nyumbani kwao.

Nataka uelewe ni mji wa namna gani. Holyoke ulijengwa kwa mifereji ya maji na viwanda vya karatasi, nao waliofanya kazi humo walikuwa wageni waliofuatana: Waayalandi, Wakanada wenye kusema Kifaransa, Wapolandi, na baadaye watu wa kisiwa cha Puerto Rico, ambao wameufanya mji huo kuwa wao kuliko karibu mji mwingine wowote wa bara la Marekani. Watu wanaolipwa kwa saa hawana wiki nzima ya kwenda kukaa hotelini milimani. Walichoweza ni saa tatu za jioni, kwenye kilima kilicho jirani. Nami, niliyekuwa nikifanya kazi ya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, nilikuwa mmoja wao.

Aliyetupeleka ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama mmoja wa Puerto Rico ambaye jioni alikuwa kwenye chumba cha kukodisha skii, zile mbao ndefu za kutelezea. Namkumbuka amepiga magoti mbele yako, akikukaza vifungo vya kiatu kigumu kama ndoo, kisha akakuambia uinue kisigino ndani ya kiatu. Kisigino kilinyanyuka. Akakuvua kile kiatu, akaleta kidogo zaidi, akakuambia tena, na safari hii kisigino hakikutoka mahali pake, ndipo akatikisa kichwa kukubali. Alikufanyia hivyo kwa uangalifu uleule ambao bibi yako alikuwa nao akipima nguo ya sikukuu. Yeye ndiye aliyenifundisha jinsi ya kukufundisha kupunguza mwendo: ncha za mbele za skii zikutane, nyuma zitanuke. Mimi nikakuambia, "Fanya paa la nyumba," nawe ukafanya paa, ukashuka taratibu ukiwa umefumba jicho moja.

Theluji yenyewe kwa sehemu kubwa ilitengenezwa. Usiku wa baridi kali, mashine zilirusha maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa, na vitone vikaganda kabla ya kufika chini. Mlio wake ni kama wa tairi linalotoa upepo, lakini usiokoma. Joto likipanda sana juu ya sifuri, kazi hiyo haiwezekani, na kilichokwisha kurundikwa huanza kuyeyuka. Nalitaja hili kwa sababu linaingia katika habari ya glavu.

Lilikuwa jioni moja ya majira ya baridi ya 1997 kuingia 1998. Viti vya lifti ya kutupandisha mlimani vilikuwa vya watu wawili wawili, navyo havisimami. Unakaa kwa kuviwahi, na kinakunyanyua. Tulipofika katikati ukaivua glavu ya mkono wa kulia ili uguse chembe za theluji kwenye chuma cha kiti, ikakuponyoka. Tuliitazama ikianguka polepole mpaka ikatua juu ya jiwe. Nilikuvalisha yangu, nayo ikakufika karibu na kiwiko. Tulipopanda mara ya pili tuliiona bado ipo pale, nyekundu, kidole gumba kikielekea juu. Mara ya tatu haikuonekana, maana mashine ya theluji ilikuwa imekwisha kuifunika.

Hapo ndipo nilipokukemea. Nilikuwa nimesimama kazini tangu alfajiri, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na nilikuambia maneno ambayo hukuyaandika katika barua yako lakini naamini ndiyo yaliyobaki ndani yako: "Kama hujui kutunza vitu vyako, hatuji tena hapa." Ulinyamaza njia nzima. Nilisema kwa hasira ya uchovu, na kufika asubuhi nilikuwa nimeyasahau.

Wewe hukuyasahau, kwa sababu yalitimia. Majira yale ya baridi yalikuwa na joto lisilo la kawaida. Ulikuwa mwaka wa El Niño, na ndugu zetu wa Korogwe waliniandikia habari za mvua zilizokata barabara na kusomba mashamba, wakati huku kwetu theluji ilikataa kukaa. Hatukupata jioni nyingine kabla ya msimu kwisha. Mwezi wa nne niliona glavu za watoto zimepunguzwa bei, nikanunua jozi ya bluu, namba moja zaidi ya mkono wako, nikaziweka kabatini kwa ajili ya mwaka unaofuata. Miteremko ya Mount Tom ikafungwa mwaka huohuo wa 1998. Jirani yetu ndiye aliyenipa habari hiyo, kwenye ngazi, akiwa na kikapu cha nguo za kufua.

Mount Tom haukuwa peke yake. Katika New England yote, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, zaidi ya vilima 600 vilivyowahi kuwa na miteremko ya kutelezea vimeachwa. Vingi vilikuwa na kamba moja tu ya kuvutia watu. Bima ilipanda, umeme wa kutengeneza theluji ukawa mzigo, majira ya baridi yakawa hayatabiriki, na barabara nzuri ziliwachukua wenye uwezo hadi kwenye milima mikubwa ya jimbo la Vermont. I-91 iliyotupitisha chini ya Mount Tom ndiyo inayofika huko. Gari letu halikuwa la safari hiyo, na tiketi za huko hazikuwa za mshahara wangu. Nilipaswa kukukalisha nikuambie hivyo. Nilinyamaza, nikidhani mtoto hatauliza, nawe hukuuliza kwa sababu ulidhani jibu unalijua. Nisamehe, mwanangu.

Mwaka 2002 sehemu kubwa ya ardhi ile ilinunuliwa ili ihifadhiwe. Nikipita I-91 majani yakiwa yamepukutika, bado naiona mikanda ya zile njia ubavuni mwa mlima, ingawa kila mwaka miti inazidi kuingia.

Mruhusu mjukuu wangu aende. Kiatu chake ukipime kama nilivyokueleza, na glavu zake uzifunge kwa uzi mmoja unaopita ndani ya mikono ya koti, toka upande huu hadi ule. Mwaka ule mimi sikujua kwamba hufanywa hivyo. Lile koti lako la zamani ninalo, nitakutumia kwa posta. Kwenye zipu utaona waya mdogo uliokunjwa, na kikaratasi cha tiketi ya lifti kilichogandishwa juu yake, maandishi yamefifia. Usiukate. Zipu hukwama kidogo pale chini, basi mwambie aivute taratibu.

Mama yako