Mbaazi usizing'oe, zikate

Kwa anayechanganya mahindi na mbaazi kama tunavyofanya huku Babati: ukimaliza kuvuna mbaazi, kata shina usawa wa ardhi na mizizi uiache humohumo. Kuni utapata zilezile.

Wengi hudhani mbaazi huyagawia mahindi naitrojeni, chakula kikuu cha mmea, yakiwa bado yamesimama pamoja. Kinachohama wakati huo ni kidogo sana. Bakteria waitwao rizobia, wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, huvuta naitrojeni ya hewani na kuilisha mbaazi kwanza. Mahindi hupata fungu lake msimu unaofuata, majani yakishapukutika na mizizi kuoza. Ukiing'oa, unabeba sehemu ya mbolea kwenda nayo jikoni.

Chimbua mche mmoja wakati wa maua, taratibu, uoshe mizizi na upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hawazalishi kitu.

Kuna na fosforasi, kirutubisho kingine cha mmea. Kwenye udongo mwekundu hung'ang'ania madini ya chuma, mahindi yakashindwa kuichukua. Mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayoilegeza. Halafu wapo kuvu wa mikoriza, ambao nyuzi zao hufika mbali kuliko mizizi, zikaleta fosforasi na zinki, nao wakalipwa sukari na mmea. Kulimalima ovyo hukata nyuzi hizo, na mbolea ya DAP, yenye fosforasi nyingi, ikizidi mmea hupunguza kuwalisha. Kabichi na sukuma wiki hazishirikiani nao kabisa, kwa hiyo usizitegemee kuwatunza.

Soya ni habari nyingine. Mbaazi, kunde na karanga kwa kawaida hujitafutia bakteria walioko shambani, lakini soya ina wake. Shamba ambalo halijawahi kupandwa soya, nunua chanjo ya bakteria, yaani bakteria hai wa soya, changanya na mbegu kivulini, panda siku hiyohiyo.

Mwaka 2017 India ilipozuia sehemu kubwa ya mbaazi kutoka nje, bei ilianguka na wengi wakaachana nazo. Mimi niliendelea kwa ajili ya mahindi. Kinachonisumbua zaidi ni ng'ombe: mahindi yakishavunwa watu huachia mifugo, na mbaazi ndiyo kwanza zinaweka maganda. Hilo kubalianeni na majirani kabla ya kupanda.